Nyuzi Zisizo na Jina

Anifa alimtuma mumewe vitu viwili tu, nazi na sukari. Lakini mpiga gitaa ukimtuma dukani jioni umejitakia mwenyewe, kwa sababu njiani atakumbuka kila kitu isipokuwa ulichomtuma. Rama alitoka Tangini kwa miguu jua likiwa limeshalegea, akateremka hadi Maili Moja, na kabla hajamfikia muuza nazi miguu ilikuwa imeshampeleka kwa Silvanus.

Silvanus alikuwa fundi wa spika na redio, na kibanda chake kilijificha nyuma ya maduka ya simu. Ndiye aliyewaletea wapigaji wa Kibaha nyuzi za gitaa kutoka Kariakoo, kwa hiyo wote walimsalimu kwa adabu hata siku ambazo hawakuwa na shida naye.

"Zangu zimefika?" Rama aliuliza.

"Hazijafika na hazitafika. Mwenye duka anasema mzigo ule hauji tena."

Rama alihuzunika kweli. Gitaa lake lilikuwa kavu, lile lisilotaka umeme, na ugali wake ulitoka humo: harusi, sherehe za kumfunda bibi harusi, na bustani ya hoteli moja kila Jumapili. Tangu alipojua kupiga hakuwahi kuweka nyuzi za aina nyingine. Anifa alizoea kumtania kwamba siku akiletewa mke mwenza atanyamaza tu, lakini siku akimwona mumewe kabadilisha nyuzi, siku hiyo ataita watu.

Silvanus akamwaga pakiti juu ya meza. Zote zilikuwa ngeni. Moja ilichorwa jogoo. Moja ilijaa maandishi ya Kichina pande zote, hata upande wa kufungulia haukujulikana. Nyingine ilidai imetengenezwa Ujerumani, ila aliyeandika alikuwa amekosea hata jina la nchi.

Chini kabisa kulikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki, kimefungwa kwa uzi mweusi. Hakikuandikwa kitu.

"Na hii?"

Silvanus alikigeuza mkononi. "Hii nimeikuta ndani ya tumbo la gitaa bovu. Kuna mama mmoja kaniuzia, katokea Kisarawe huko ndani. Mimi nilitaka mbao zake tu. Chukua zote, kajaribu, utaniambia ipi inafaa."

Rama alikinusa kile kifurushi bila kujua kwa nini anakinusa.

Ubani.

Alifika nyumbani na sukari. Nazi aliisahau. Anifa alisimama mlangoni pa jiko, mkono kiunoni, akatazama mfuko, akamtazama mumewe, akaangua kicheko. "Leo tutaunga mchicha kwa waya," alisema. "Kaa hapo upige kelele zako, nitajua mwenyewe la kufanya." Rama alimpenda sana mwanamke huyu, na ni vizuri tulijue hilo mapema, kwa kuwa mengine yote yanatokana na hapo.

Kila mpigaji ana kipande chake cha kupimia nyuzi mpya. Kuna anayepiga wimbo wa harusi, kuna anayepanda na kushuka ngazi za sauti mpaka majirani wamchoke. Kipande cha Rama alikipata kwa Anifa. Kila mkewe alipoosha vyombo au kusuka ukili aliimba kwa pua wimbo mmoja bila maneno, wa kwao Kisarawe, alioachiwa na bibi yake mzaa baba, Bibi Zena. Ulikuwa wimbo wa kupanda tu. Unaanza chini kwenye uzi mnene, unapita kila uzi, unafika juu, unasimama. Rama aliupenda kwa sababu hakuna uzi unaoachwa bila kuguswa. Siku moja alimwuliza Anifa mbona unaishia hewani, akajibiwa kwamba bibi alimkataza kuumalizia ovyo. Rama hakuuliza ovyo ni kufanyaje. Wazee wana mengi, alijisemea, na maneno yakaishia hapo.

Basi alikaa barazani na plaizi yake, akaanza kazi.

Zile za jogoo zililia kama sufuria iliyodondoka. Akazikata. Wapigaji hawahangaiki kulegeza uzi wanaoutoa, huutia plaizi katikati, tap, na kuvuta vipande. Za Kichina zilikuwa na sauti nzuri ila ziliteleza, kila akikaza zinalegea. Akazikata. Zile za Ujerumani wa uongo, uzi wa tatu ulikuwa umekufa kabisa. Zote alizipima kwa wimbo wa Anifa, akiufikisha pale pale unaposimama. Jikoni Anifa alikuwa anakoroga mboga na kumtania kila anaponyamaza.

Adhana ya magharibi ilikuwa imemalizika alipofungua karatasi ya kaki.

Nyuzi zilikuwa za rangi ya majani ya chai. Alipozipitisha kidoleni aliona zina joto, akadhani ni mkono wake. Akazifunga, akazikaza. Kwa kawaida nyuzi mpya husumbua, unakaza huu, ule unashuka. Hizi zilikaa sawa mara moja. Zilikaa kama zilikuwa zinangoja.

Akaanza kupiga.

Sauti haikuwa ya gitaa. Ilikuwa na mkwaruzo ndani yake, ya zamani, ya kitu kilichochongwa kwa mkono. Nywele za mikono zikamsimama Rama, lakini kwa raha, maana ilikuwa sauti tamu kuliko zote alizowahi kusikia. Akapanda nayo uzi kwa uzi. Akafika juu. Akasimama pale anaposimama siku zote.

Kimya.

Jikoni mwiko haukusikika tena. Anifa hakutania.

"Malizia," sauti ilisema.

Rama aligeuka. Hakukuwa na mtu barazani. Sauti ilitoka jikoni, na haikuwa ya mkewe. Ilikuwa nzito, imechoka, ya mtu aliyeng'oka meno.

"Anifa?"

Akaenda. Mboga ilikuwa inaungua. Anifa alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kanga ameivuta mpaka usoni, mgongo umepinda. Macho yalikuwa yamefumba. Mikono ilikuwa juu ya mapaja, viganja juu, kama mtu anayengoja kupewa kitu.

"Malizia, Mashaka," alisema kwa ile sauti. "Nimechoka kukaa."

Rama hakumjua Mashaka yeyote. Akamtikisa mkewe, akamwita, akamrushia maji. Anifa alifungua macho, na macho yale hayakumtazama Rama. Yalitazama mlango, kule barazani, lilikokuwa gitaa.

Hofu ikikushika unafanya unachokijua. Rama alikimbilia gitaa, akachukua plaizi, akaanza kuzikata zile nyuzi, akiamini kwamba balaa limetoka humo na humo litakwisha. Akakata wa kwanza. Jikoni, bega la Anifa liliruka. Akakata wa pili, likaruka tena. Alimwona kupitia mlango, akawa analia huku anakata, na hakuweza kuacha.

Uzi wa mwisho ulipokatika Anifa alishusha kichwa. Hakusema tena neno lolote.

Hakusema kesho yake, wala kesho kutwa. Hospitalini walimpima malaria, wakampima sukari, presha, wakamtoa damu na kumulika kichwa, daktari akasema mgonjwa hana kitu. Ustadhi wa mtaani alikuja akamsomea, na Anifa akatulia kwa heshima mpaka dua ikaisha, kisha akageuza uso ukutani. Akilishwa alikula. Akilazwa alilala. Akikalishwa alikaa vile vile, miguu mbele, viganja juu, anangoja. Jirani mmoja alisema ni mawazo, mwingine alisema mpeleke kwao, na Rama, ambaye hakuwa amelala, aliona wote wana haki na hakuna aliyemsaidia.

Mwishowe alimpigia simu shangazi wa Anifa, Bi Mwanamvua, dada wa marehemu baba yake, anayeishi Kisarawe upande wa Maneromango. Alimweleza habari za nyuzi za karatasini, wimbo, na ile sauti iliyoita jina la mtu.

"Amemwita nani?" shangazi aliuliza.

"Mashaka."

"Mlete. Na gitaa uje nalo."

Rama alikodi gari. Walipita Kiluvya, wakazunguka hadi Kisarawe mjini, wakashika barabara ya vumbi jekundu katikati ya mikorosho. Anifa alikaa kiti cha nyuma kimya njia nzima. Walipokaribia kijijini tu, aliinua mkono akairekebisha kanga yake kichwani, taratibu, kama mtu anayefika kwake.

Bi Mwanamvua alikuwa mzee mrefu, macho yake yameingia ukungu. Rama alimwamkia, akaitikiwa marahaba, na hakuna aliyeuliza habari za nyumbani. Walimwingiza Anifa katika nyumba ya udongo iliyokuwa ya Bibi Zena. Yeye shangazi aliishia kizingitini, hakuvuka.

"Mbona huingii?" Rama aliuliza.

"Huyo siye wangu wa kumsogelea. Kaa nikwambie." Akaketi kwenye kigoda uani. "Mama alikuwa anapunga watu pepo. Mashaka ndiye alikuwa mpigaji wake. Zamani alipiga zeze, alipopata gitaa akahamia humo. Nyuzi zake alizifukiza ubani na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Ule wimbo una sehemu mbili, mwanangu. Ya kwanza inapandisha. Shetani akishapanda, akasema shida yake, Mashaka anapiga ya pili, inamshusha. Wimbo ule haukatwi katikati."

"Mimi nilidhani umeishia pale."

"Ulidhani." Hakusema kwa ukali. "Mama mwenyewe alifia ngomani. Alikuwa amepandisha, Mashaka akaanguka ghafla na gitaa mkononi, wakafa jioni moja wote wawili. Mama hakushushwa."

Rama aligeukia mlango wa ile nyumba. "Kwa hiyo aliyekaa mle ndani ni bibi?"

"Huenda ni mama. Huenda ni lile alilokuwa nalo. Mimi sijui, sikuwahi kuingia. Mtoto wa tumboni haketi kwenye ngoma ya mamaye, huo ndio mwiko wa nyumba hii."

"Nani anaijua sehemu ya pili?"

"Mashaka kafa. Mama kafa. Aliyefundishwa ni mmoja tu." Akaelekeza kidevu ndani, alikokuwa Anifa.

Shangazi alimpa njia, naye aliishika kama anayezama anavyoshika jani. Apige sehemu ya kwanza. Kilichomkalia Anifa kikisikia, kitasogea kisikilize. Kikisogea, Anifa atapata nafasi ya kupumua, na hapo amwimbie mumewe ile ya pili, naye aipige mpaka mwisho. "Lakini usinyamaze," shangazi alisema. "Ukinyamaza katikati, kinarudi kukaa."

Rama alikuwa amekuja na mfuko mzima wa nyuzi. Kabla ya safari alipita kila duka alilolijua na asilolijua, akachukua kila pakiti yenye jina geni: ya jogoo, ya tembo, ya nyota, ya mwanamke anayecheka, za Kihindi, za Kituruki, za plastiki, za shaba. Aliingia ndani, akaketi mbele ya mkewe, akaanza kuzijaribu.

Akaweka, akakaza, akapiga, akatazama uso wa Anifa. Hakuna. Akakata, akaweka nyingine. Shangazi alikuwa uani akisikiliza kupitia dirisha dogo, na kila mara alisema kwa sauti ndogo, "Hizo hapana." Mpigaji wa watu, mwenye kusifiwa kwenye harusi, alikuwa anatoa sauti moja baada ya nyingine kama mtu anayejaribu funguo za watu kwenye mlango wa nyumba yake. Vidole vilichanika. Nyuzi za shaba zililowa damu. Anifa alikuwa ametazama viganja vyake mwenyewe, hayupo.

Rama akaweka gitaa chini, akalia waziwazi. Hakuna jambo baya kama kumwona umpendaye yuko hatua moja mbele yako na huna pa kumshikia.

"Zile za kwanza," shangazi alisema dirishani. "Zile za kwenye karatasi. Umezifanyaje?"

"Nilizitoa."

"Unazo?"

"Ninazo." Alikuwa nazo kweli, kwenye mfuko wa nje wa begi la gitaa. Mpigaji mstaarabu hatupi vipande vya waya chini, kuku watameza na watoto watachomwa.

"Basi zirudishe. Mimi naenda kutafuta kaa la moto tufukize." Na hatua zake zikasikika zikienda.

Sasa, hapa ndipo mtu asiye mpigaji angesema jambo. Angemwita yule mzee arudi, angemwambia, shangazi, nyuzi zenyewe nimezikata. Lakini kwa mpigaji kutoa uzi na kukata uzi ni neno moja, na uzi uliokatika si msiba, unaungwa. Rama alijifunza kuunga tangu siku za njaa, kama wenzake wote waliokulia kwenye nyuzi za kubahatisha. Unachukua vipande viwili, unavipitisha, unavizungusha, unavuta mpaka fundo linajikaza lenyewe kuwa dogo kama punje ya mtama. Unalegeza kule kichwani mwa gitaa upate urefu. Fundo unalisogeza nyuma karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, lisije likagusa mkono unaopiga. Sauti inakwaruza kidogo, lakini inalia.

Akaunga wa kwanza. Anifa aliinua kichwa.

Rama alifurahi. Aliona dalili, akaongeza mwendo, akaunga wa pili, wa tatu, anavuta kwa meno, anakaza. Kila fundo lilipojikaza Anifa alivuta pumzi ndefu, na macho yake yalizidi kufunguka. Hata wa mwisho ulipokaa sawa, alikuwa anamtazama mumewe usoni.

Moshi wa ubani uliingia kupitia dirishani. "Ni zile zile?" shangazi alinong'ona kutoka nje.

"Ni zile zile."

"Anza. Usinyamaze."

Jua lilikuwa limeshafika kwenye vilele vya mikorosho. Rama alipiga. Ile sauti ikatoka, ya kukwaruza, ya zamani, na safari hii ilikuwa nzito zaidi. Alipanda mpaka juu, hakusimama, akarudi chini akapanda tena. Mara ya pili. Mara ya tatu...

"Rama."

Ilikuwa sauti ya Anifa. Yake kabisa.

"Rama, nina kiu. Hapa ni wapi?"

Alitaka kulitupa gitaa amkumbatie. Mikono yake ilijua zaidi yake, haikuacha. "Uko kwa bibi," alisema, machozi yanaingia mdomoni. "Mke wangu, niimbie ule wimbo. Niimbie ile ya kumalizia. Tafadhali."

"Bibi kakataza."

"Karuhusu. Niimbie."

Anifa alimtazama. Uso wake ulijaa woga, wa mtu aliyeamka kwenye nyumba asiyoijua. "Kuna mtu nyuma yangu," alinong'ona. "Kanishika kanga."

"Imba, Anifa."

Akaimba kwa pua. Ulikuwa wimbo wa kushuka, mzuri, wa huzuni, na Rama aliufuata kwa kidole kimoja kimoja, akikosea, akirudia, bila kuacha hata nafasi ya pumzi. Waliteremka nao pamoja, mke mbele, mume nyuma, kutoka uzi mwembamba hadi uzi mnene. Kadiri walivyoshuka sauti ya Anifa ilififia, na Rama alidhani ni uchovu. Sauti ya mwisho kabisa haikusikika mdomoni mwake. Rama aliikisia tu, akaipiga.

Gitaa likalia, likatulia lenyewe.

"Imekwisha," Anifa alisema. "Pumzisha mkono."

Rama aliuinua mkono. Alingoja, hajapumua. Anifa hakushusha kichwa, hakufumba macho. Alikunja miguu, akanyoosha mgongo, akatabasamu. Alikuwa mzima. Rama alicheka kwa sauti, akamwita shangazi, akasema njoo, njoo umwone, kapona.

Bi Mwanamvua alikuja na kikombe cha maji. Ngoma ilikuwa imekwisha, sasa mwiko haumzuii. Akavuka kizingiti, akasimama.

Anifa alimtazama yule mzee. Hakusimama kumpokea. Hakusema shikamoo. Alikaa tu, akitazama, akingoja, na ukimya ulirefuka mpaka Rama akaona aibu, akataka kumkumbusha mkewe adabu.

Shangazi aliweka kikombe chini. Taratibu, kwa shida ya magoti ya uzee, akapiga magoti kwenye udongo.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu," Anifa alijibu. "Umezeeka."

Nje kuku walikuwa wanapanda mtini kulala. Rama alisikia kila kitu, hata yale mabawa.

"Na huyu mpigaji?" Anifa aliuliza, akimwelekeza kwa kidevu. "Mmemtoa wapi?"

"Ni mume wa mjukuu wako, mama."

"Mjukuu yupi?"

Shangazi alitambaa mpaka kwenye gitaa, akapeleka vidole juu ya nyuzi, maana macho yake hayakuona vizuri. Vidole vilipita taratibu, vikafika karibu na daraja, vikasimama. Vikagusa fundo moja. Vikagusa jingine.

"Nani kafunga mafundo?"

"Mimi," Rama alisema. "Zilikuwa zimekatwa. Nimeziunga tu, shangazi, ndivyo tunavyofanya."

"Umefunga mafundo mtu akiwa amepandisha." Alinong'ona, hakuwa na nguvu ya kugomba. "Umemfunga aliyekuja. Na ule wimbo wa kushusha umemshusha aliyebaki, mke wako."

"Umemshusha wapi?"

Yule mzee alitazama mlangoni, kule nyuma ya mikorosho, kwenye makaburi ya ukoo wao. Rama alichukua plaizi, na mkono wa shangazi ukamdaka kifundo cha mkono kwa nguvu asiyoitarajia.

"Ukikata umekata na yeye. Mafundo hufunguliwa, hayakatwi."

Wapigaji wanaosoma hapa wanajua. Uzi wa chuma ukishakaza fundo, haufunguki.

Walirudi Tangini. Mwanamke anayeishi na Rama anapika vizuri, anaswali, anawasalimu majirani, na wanawake wa mtaa wanasema Anifa amepata hekima tangu augue. Humwita mumewe "mpigaji". Hamsumbui kwa lolote. Rama halali naye chumba kimoja, hulala barazani, na mchana utamkuta amekaa pale na gitaa mapajani, kichwa ameinamisha, sindano mkononi. Wapitao hudhani anatyuni, analinganisha sauti za nyuzi.

Mwezi uliopita alifaulu. Ulikuwa uzi mwembamba kuliko wote. Aliuhangaikia tangu asubuhi, akaupaka mafuta, akauchokoa kwa sindano, mpaka alasiri fundo likaachia, likawa kitanzi, kitanzi kikalegea. Ndani ya nyumba ufagio uliacha kusugua.

"Rama?"

Ilikuwa sauti ya Anifa, ya mbali, inatoka chini. "Rama, mbona giza? Nivute."

Aliuvuta ule uzi ili amalizie kuutoa kwenye fundo. Waya uliokunjwa mara nyingi huwa umechoka. Ulikatika vidoleni mwake, tap, kwa sauti ndogo kuliko ya kijiti.

Alimwita mpaka watu wakatoka majumbani. Kisha mwanamke alikuja mlangoni, akafunga vizuri kanga yake, akamtazama kwa huruma.

"Hayo mafundo mengine usiyaguse," alisema. "Njoo ule."

Rama alilaza gitaa, akaingia ndani, akala.